Tairi Linaloliwa Upande Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Migori, sikupewa spana. Mkuu wa karakana, ambaye sote tulimwita Japuonj, yaani mwalimu, aliniketisha chini kando ya trela la trekta la kubebea miwa, akaniambia nifumbe macho na kupitisha kiganja juu ya tairi.

“Kutoka nje kwenda ndani,” alisema. “Sasa rudi. Unasikia nini?”

“Kwenda ni laini. Kurudi kunakwaruza.”

“Basi magurudumu hayatazami mbele. Tairi linazunguka huku linaburutwa.”

Japuonj hakuwa mtu wa kucheka na wanafunzi. Alitufundisha kwamba tairi likiliwa katikati limejazwa upepo kupita kiasi, na likiliwa kingo zote mbili upepo ni mdogo. Likiwa na mabaka, tafuta beringi iliyolegea. Lakini likiliwa ukingo mmoja tu, liache tairi na uchunguze ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu mawili. “Ekseli iliyopinda hainyooshwi, inabadilishwa,” alituambia mara nyingi. Chuma kilichonyooshwa huja kukatika mahali pale pale, tena bila kuaga.

Pikipiki zilipojaa barabarani na watu wakaanza kuzifungia trela ndogo nyuma, nilihamia karakana nyingine, Homa Bay. Msimamizi wa karakana ile alikuwa mama mmoja Msabato, mpole wa sauti lakini asiyeyumba. Ijumaa kabla jua halijazama alifunga lango kwa kufuli, na halikufunguliwa mpaka Sabato ipite. Tulitengeneza trela za samaki na barafu, za saruji, za mahindi, hata za majeneza. Nyingi zilikuwa zimeungwa kwa chuma chochote kilichopatikana, na zilibeba mizigo ambayo hazikuundiwa.

Kati ya wateja wetu alikuwepo Ochola, mtu wa makamo, mcheshi, aliyekuwa akichukua samaki ziwani na kuwapeleka Kosele. Ijumaa moja alasiri alikuja na trela limejaa. Tairi la kushoto lilikuwa limeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana, ilhali upande wa nje meno yalikuwa bado mazima. Nililala chini nikatazama. Ekseli ilikuwa imepinda karibu na gurudumu.

“Trela libaki hapa,” nilimwambia.

“Fundi, samaki nimeshapakia. Barafu inayeyuka.”

“Leo siwezi kumaliza, na kesho tumefunga. Jumapili asubuhi nitaanza na wewe.”

“Jumapili hawa watakuwa wameoza. Nitaweka tairi jipya, niende polepole.”

“Tairi jipya haliondoi ugonjwa, Ochola. Linauficha tu.”

Msimamizi alikuwa ametoka na funguo mkononi. “Msikilize fundi,” alimwambia. “Nenda na pikipiki, uache trela.”

“Sasa mama, samaki nibebe mgongoni?” Ochola alicheka, akawasha pikipiki. Tulimwona akisimama ng'ambo ya barabara kwa mtu wa pancha, akifungiwa tairi jipya. Kisha lango letu likafungwa.

Ijumaa hiyo alifika salama. Ekseli ilikatika kesho yake, akiwa na shehena nyingine, akiteremka mlima kabla ya Kosele. Gurudumu lilichomoka, trela likayumba na kuivuta pikipiki mpaka mtaroni. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Msimamizi alipata habari akiwa kanisani. Jumapili nilimkuta ameketi nje ya lango ambalo alikuwa bado hajalifungua. Hakunisalimia. Niliketi kando yake.

Baada ya maziko, ndugu wa Ochola walitaka trela lichomwe moto. Mjane wake, ambaye kwa kuwa alizaliwa Kosele tulimwita Nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, aliwakatalia. Alilileta karakana juu ya mkokoteni.

“Mama, hili tuliuze kama chuma chakavu,” Msimamizi alimwambia kwa upole. “Usilione tena.”

“Nikishaliuza, watoto wale nini mwezi ujao?” Akanigeukia. “Fundi, ulimwambia ekseli imepinda?”

“Nilimwambia.”

“Akasemaje?”

“Alisema barafu inayeyuka.”

“Ndiye Ochola huyo,” alisema. “Weka ekseli nyingine. Nitaendesha mimi.”

Nilitaka kukataa. Usiku ule sikuwa na amani, lakini asubuhi nililikuta trela pale pale, na yeye ameketi kando yake akingoja. Nikaanza kazi. Ekseli mpya ikishafungwa ni lazima ipimwe kwa kamba: umbali kutoka pale trela linaposhikana na pikipiki hadi kila mwisho wa ekseli uwe sawa, kushoto na kulia. Kazi hiyo inataka watu wawili. Kabla sijamwita mtu, Msimamizi alipiga magoti kwenye oili, na gauni lake la ofisini, akashika ncha ya kamba. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akigusa kazi ya chini. Tulipima, tukarudia kupima. Nyar Kosele alisimama akitutazama.

Nilistaafu vidole vilipokufa ganzi, nikashindwa kutofautisha laini na kinachokwaruza. Sijivunii sana kazi yangu. Wengi niliowaonya walisikia, na baadhi ya wasiosikia nilikwenda kuwazika. Hata leo nikisimama barabarani naona matairi yaliyoliwa upande mmoja yakipita na watu wameketi juu ya mizigo. Nikimsimamisha mwendeshaji ananiambia, “Mzee, tuache tutafute riziki.” Namwelewa. Ochola naye alikuwa akitafuta.

Nyar Kosele bado anaendesha. Juzi alinipitia nyumbani, akaniomba nikague matairi ya trela ambayo alikuwa ameyatumia muda mrefu. Niliinama nikayatazama kwa macho, maana mkono haunisaidii tena. Yalikuwa yameisha sawasawa, ndani na nje, kushoto na kulia.

“Hayana kosa,” nilimwambia. “Yamefika mwisho wake tu. Badilisha.”

Hakuondoka mara moja. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya tairi lile lililoisha na kukiacha pale.

“Kumbe huwa yanazeeka hivi,” alisema.