Nilishinda Kubahatisha Mpenzi wa Katuni, Nikampoteza Wangu

Admin, jina langu lifiche, maana wasichana wataandamana. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, Mkongomani wa mtaa wa Iroquois, hapa Louisville, Marekani, napakia mizigo warehouse. Kwa upande wa mapenzi Mungu alinipendelea waziwazi. Nina mrembo Louisville, mwingine Columbus, mwingine Buffalo, na simu yangu haipoi. Shule niliiacha njiani, lakini dunia naijua.

Bon. Mwaka jana tulikuwa na grupu la WhatsApp la kusoma manga, zile katuni za Wajapani. Tulifuata moja ya mapenzi: kijana anamtafuta msichana aliyempenda utotoni, hakumbuki sura wala jina, na wasichana watatu wako mbele yake. Sisi tukawa tunabahatisha ni yupi. Wengi walimtaka yule wa nywele ndefu. Mimi nikasema ni yule wa nywele fupi, anayemgombeza kila siku. "Anayekupenda toka utotoni hajitangazi," nikaandika.

"We mpakiaji wa maboksi, utajua nini?" akanijibu rafiki yangu wa Buffalo, anayekaa Grant Street.

Donc nikawapa mfano wangu. Kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, kwenye bomba la maji, mtu aliweka jiwe kwenye mstari limshikie nafasi, akaenda zake. Kulikuwa na Kadogo, binti wa pasta mmoja. Kila asubuhi niliweka mawe mawili, langu na lake. La kwake nililifunga uzi mwekundu ajue ni lake. Alilikuta, akachota maji, akageuka huku na huku akitabasamu. Sikuwahi kumwambia ni mimi. Mpaka leo namwota.

Sura iliyofuata ya ile manga ikatoka: ni yule wa nywele fupi! Grupu zima likanipigia saluti.

Kumbe yule rafiki yangu wa Buffalo, aliyekulia kambi ileile, alienda Columbus kwenye mkutano wa kanisa. Huko, mtaa wa Northland, akakutana na Kadogo. Akamwambia, "Lile jiwe lenye uzi, nilikuwa naliweka mimi." Kadogo akalia machozi. Miaka yote alikuwa anajiuliza ni nani.

Mimi nilijua lini? Waliponiomba niwe MC wa harusi yao. Kadogo mwenyewe alinipigia, sauti imejaa furaha: "Shemeji, usisahau kuwasimulia watu habari ya jiwe. Unachekesha, wewe utaisema vizuri."

Nikampigia bwana harusi. "Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Ah, yaya, kaka yangu! Wewe una wasichana miji mitatu. Niachie huyu mmoja. Mimi sina mtu."

Nikakata simu.

Mahari imetolewa. Mama yake Kadogo ameshagawa vitenge vya harusi, na watu wanasema tangu afike Marekani hajawahi kucheka hivyo. Ule ujumbe wangu wa grupu, wa habari ya jiwe, bado uko kwenye simu. Nikimtumia Kadogo, nabomoa nyumba ya watu. Nisipomtumia, Jumamosi nitashika maiki niwasimulie wageni mapenzi yangu kama ya mtu mwingine. Ndugu zangu mnaosoma, ningekuwa ndugu yenu wa damu mngeniambia nini? Semeni, hata kama ni matusi.

Na wale wasichana wa miji mitatu, hakuna. Hajawahi kuwepo hata mmoja.