Nilizima Taa, Taya la Mwenyekiti Likavunjika

Nimewahi kupigwa na ukumbi mzima.

Sisemi watu wawili watatu. Ukumbi. Wa mekanika walinipiga, wa uhasibu walinipiga, na yupo dada mmoja aliyenitwanga kwa kiatu cha kisigino huku mkono wa pili ameshika sahani ya keki. Keki haikumwagika.

Kosa langu? Nilizima taa.

Tulieni niwasimulie mwenyewe, maana mpaka leo kuna watu wanaisimulia vibaya.

Kwanza mnijue. Mimi ni kiziwi. Sikuzaliwa hivyo, homa ilinipitia nikiwa mdogo shuleni ikaondoka na masikio yangu. Kuongea naongea, na midomo ya watu naisoma vizuri tu. Shida ni kwamba sijisikii, kwa hiyo sijui sauti yangu imefika wapi. Nikikunong'oneza siri, bweni zima linaijua.

Ndiyo maana chuoni waliniita Redio.

Nilikuwa nasomea umeme wa majumbani. Chumba nilikaa na Bonge, jamaa wa mekanika, mwili wa kabati na roho ya mama mzazi. Alijifunza lugha ya alama kwangu, akaanza na matusi.

Bonge alikuwa na tatizo moja: ngumi zake zilitangulia akili. Uongozi ulishamwonya. Akipigana tena, anafukuzwa.

Wa tatu wetu ni Sindano, dada wa darasa la ushonaji. Yeye ni kiziwi wa kuzaliwa, haongei kwa mdomo kabisa. Anaongea kwa mikono, na anaongea sana. Ana utani wa kuudhi, na hasira zake ziko karibu.

Wenzake hawakuyajua hayo. Kwao alikuwa "yule maskini." Walimpisha kwenye foleni, walimpapasa kichwa, kisha wakaenda zao kupiga soga.

Siku moja akaniambia, "Redio, mimi hapa ni paka wa jikoni. Kila mtu ananionea huruma, hakuna anayekaa na mimi."

Sasa ikaja sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Nikasema safari hii tunaenda wote watatu, liwalo na liwe.

Mlangoni yule anayekagua tiketi akatutazama mimi na Sindano. "Nyie muziki mtausikia wapi?"

"Na wewe akili utaipata wapi?" Bonge akamjibu, akampita.

Ilikuwa mchana, lakini ukumbi ulikuwa giza. Madirisha yalizibwa kwa mapazia mazito na maboksi ili taa za rangi zing'ae. Tukasogea kwenye spika kubwa. Besi inapita sakafuni, inapanda miguuni, inakukalia kifuani. Tulicheza jamani! Sindano alicheza hadi wasichana wawili wa darasa lake wakaja kuiga hatua zake, wanacheka naye.

Nilimwona uso. Alikuwa na furaha ya kweli.

Kisha sakafu ikanyamaza.

Mwenyekiti wa wanafunzi alikuwa amepanda jukwaani, suti imemkaa, meno yote nje. Nikasoma midomo yake: "Leo tumejumuika na wenzetu wenye mahitaji maalum. Hebu tumpandishe dada yetu hapa, tumpe moyo!"

Watu wakamsukuma Sindano mpaka juu. Simu zikainuliwa kupiga picha.

Mwenyekiti akaacha maiki kwenye stendi yake, akamshika Sindano vifundo vya mikono yote miwili, akaiinua juu kama refa anavyomwinua bondia aliyeshinda.

Hapa lazima niwaeleze msiojua. Mikono ya kiziwi ndiyo mdomo wake. Ukimshika yote miwili umemziba mdomo. Katika shule ya viziwi niliyohamia baada ya ile homa, mtoto aliyemfanyia mwenzake hivyo alikula kichapo cha wenzake kabla mwalimu hajafika.

Sindano akajivuta. Mwenyekiti akakaza. Akajivuta kwa nguvu, mwili mzima ukayumba, na watu wakadhani anacheza. Wakapiga makofi zaidi.

"Mwachie!" nikapiga kelele. "Mwachie mikono!"

Hakuna aliyegeuka, ila mmoja aliyeweka kidole kwenye midomo yake kunionyesha ninyamaze.

Nikafanya kile tunachofanya sisi. Kwetu ukitaka watu wote wakutazame, unazima taa na kuiwasha. Ndiyo kengele yetu. Swichi kuu ilikuwa ukutani karibu na jukwaa. Nikaizima, nikaiwasha.

Taa hazikurudi.

Mwanafunzi wa umeme mzima, nimesahau kwamba spika zote zile zikirudishiwa moto kwa mpigo mmoja, fyuzi inakwenda. Nikabaki nimeshika swichi gizani.

Balaa likaanza.

Mtu alimkanyaga mtu, aliyekanyagwa akarusha mkono, mkono ukampata asiyehusika. Wa mekanika na wa uhasibu walikuwa na kinyongo cha mpira tangu wiki iliyotangulia, na giza likawapa ruhusa. Mimi sikusikia kitu, lakini sakafu iliniambia yote. Meza ilianguka. Chupa zilipasuka, vipande vikanirukia miguuni. Watu wakamiminika mlangoni, wakakwama hapo.

Mwanga wa simu ukanipiga usoni.

Nikasoma mdomo mmoja tu: "Ndiye huyu aliyezima!"

Ngumi ya kwanza ilinipata sikioni, kana kwamba sikio hilo lilikuwa na kazi. Ya pili ikanivunja jino. Nikaanguka, wakanikanyaga, wakaniburuta hadi chini ya jukwaa. Mmoja alikuwa na mguu wa kiti, nikaona unapanda na kushuka. Nilionja damu, nikaonja vumbi, na nikajua kabisa kwamba hapa nakufa na mama yangu ataambiwa nilikufa kwenye dansi.

Kisha kitu kizito kikaniangukia mzima mzima. Mbavu zikalia ndani yangu, kah, nikazisikia kwa mwili.

Alikuwa Bonge. Alinilalia ili wampige yeye. Na walimpiga. Kila pigo lililomshukia mgongoni lilinifikia mimi kifuani.

Alipochoka kupigwa akainuka. Akaokota chuma kilichokuwa sakafuni, akakizungusha, na watu wakatupisha.

Taa zikarudi wakati huo huo; mtu alikuwa amebadilisha fyuzi.

Ukumbi mzima ukamwona Bonge amesimama, damu inamchuruzika, mkononi ana stendi ya maiki. Na nyuma yake, pembeni ya jukwaa, Mwenyekiti amelala, taya limehama upande.

Nani angeuliza swali?

Kesho yake nilikuwa kitandani zahanati, kifua kimefungwa bandeji. Sindano akaja, akakaa, akatazama mlango. Vifundo vya mikono yake vilikuwa na alama nyekundu za vidole.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Taya. Taa ilipozimika alilegeza mkono mmoja. Nikachukua stendi." Akautazama tena mlango. "Nilipiga kwa nguvu zangu zote, Redio. Nilitaka aanguke na ameanguka. Sasa sipati usingizi, lile taya ni la mtu."

Nikamwambia, "Bonge anafukuzwa."

"Hafukuzwi. Naenda kusema."

Siku ya kikao, kamati ya nidhamu ilijaa meza nzima. Mama mlezi wa wanafunzi alikaa katikati. Bonge alikaa upande mmoja, uso umevimba. Mwenyekiti alikaa upande wa pili, meno yamefungwa kwa waya.

Mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo. Chuo hakijawahi kuwa naye. Nikasimama mimi na mbavu zangu.

Sindano akasema kwa mikono, mimi nikatoa sauti: "Bonge hakumpiga. Nimempiga mimi, kwa stendi ya maiki, kwa sababu alinishika mikono na hakutaka kuniachia."

Mama mlezi akamtazama Sindano kwa macho ya huruma. "Jamani, mwanangu. Ana moyo mzuri huyu. Mpeni maji."

Wakampa maji.

"Mama, hajaomba maji," nikasema. "Anasema amevunja taya la mtu."

"Redio, punguza sauti."

"Siwezi!"

Mwalimu mmoja akanielekezea kalamu. "Wewe ndiye unayemwekea maneno mdomoni. Unamtumia mwenzako kumwokoa rafiki yako. Mtoto wa watu hata kusema hawezi, ataweza kumvunja mwanaume taya?"

Nikamtafsiria Sindano neno kwa neno. Nilitaka kumficha, lakini hiyo nayo ingekuwa kumwonea.

Bonge naye akaharibu zaidi. "Acheni tu," akasema. "Andikeni ni mimi. Nimeshazoea."

Wakaanza kufunga mafaili. Nikaona rafiki yangu anapotea kwa kosa la kunilalia.

Sindano akaiweka ile glasi ya maji mezani. Akasimama. Akanyanyua kiti cha chuma alichokuwa amekalia, akakibamiza juu ya meza ya kamati.

Glasi ikasambaratika. Mama mlezi akaruka na kiti chake. Yule mwalimu wa kalamu akaingia chini ya meza.

Sindano akakiinua tena, akaanza kutembea kumfuata Mwenyekiti.

Sasa tazameni. Mwenyekiti alikuwa amekaa ana kwa ana na Bonge, mtu anayedaiwa kumvunja taya, na muda wote alikuwa ametulia tuli. Lakini Sindano alipopiga hatua, akajirusha nyuma, akakumbatia taya lake kwa mikono miwili, akabanana ukutani.

Midomo yake ikafunguka kadiri waya ulivyoruhusu. Mimi niliisoma. Wengine wote waliisikia.

"Mshikeni! Atanipiga tena!"

Tena.

Alijua tangu mwanzo. Mwanga wa simu ulimwonyesha uso wa aliyempiga. Ila aliona bora achekwe kwamba amepigwa na Bonge kuliko kupigwa na "yule maskini," na kwa ajili ya hilo alikuwa tayari mtu afukuzwe chuo.

Sindano akakishusha kiti. Akakaa juu yake.

Mama mlezi alikuwa anahema. "Basi," akasema, "kwa hali yake, tumsamehe."

Nikatafsiri.

"Hali gani?" Sindano akauliza. "Bonge mlikuwa mnamfukuza. Na mimi nimevunja taya lile lile."

Wakamsimamisha masomo muhula mzima, na Mwenyekiti akavuliwa uenyekiti kwa kudanganya kamati. Bonge alibaki. Siku Sindano anabeba begi lake kwenda nyumbani, alilia kwa ajili ya masomo, na katikati ya machozi akacheka. "Nimeadhibiwa kama mtu," akaniambia.

Sisifii alichofanya. Ile stendi ingetua kidogo juu zaidi, tungekuwa tunazungumzia kaburi, na yeye mwenyewe alimwandikia yule jamaa kumwomba radhi bila kulazimishwa. Ninachosema ni hiki: ukinikaribisha kwenye sherehe yako, usinipandishe jukwaani unionyeshe. Niache nicheze. Na kama huwezi hata kuamini kwamba naweza kukosea, basi bado hujaniona kuwa mwenzako, hata ukinipigia makofi mpaka viganja viwake moto.

Muhula uliofuata Sindano alirudi. Hakuna aliyempapasa kichwa.

Wiki hiyo hiyo akanijia mbio kutoka bweni la wasichana, uso unang'aa, mikono inakimbia kiasi kwamba nilimwomba aanze upya. Alikuwa amegombana na dada mmoja kuhusu kamba ya kuanikia nguo. Yule dada alimtukana, na alimgeukia uso kwa uso, akafungua mdomo polepole neno kwa neno, ili Sindano asipitwe na tusi hata moja.

"Na wewe ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nilimtukana pia. Kesho anataka nimfundishe hayo matusi."