Uliza Imelala Wapi

Siku ile naikumbuka kwa pua, mwanangu, kabla ya kuikumbuka kwa macho. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyoungua, na chumba kizima cha watu kumi na wanne kikaziba pua. Nasema kumi na wanne kwa sababu niliwahesabu, kisha nikawahesabu tena, maana mtu akipigwa na butwaa hushika kazi yoyote iliyo karibu.

Jana umenijia na simu mkononi kunionyesha kadi ya grafiki unayotaka kuinunua, ya kompyuta ya gemu unayoiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Umeniambia bei. Umeniambia na jinsi ulivyoivuta chini mara tatu, na macho yako yakang'aa. Yale macho nayajua. Yalikuwa yangu nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Basi kaa kidogo. Chai ipo, na kadi haitatoroka leo; na ikitoroka, ndugu zake wako wengi.

Rafiki yangu wa shule alikuwa Kazungu, mtu wa Kakuyuni. Tulitaka kufungua chumba cha gemu huko kwao, karibu na soko: kompyuta moja ya nguvu ya kuanzia, vijana walipe kwa kila mchezo. Mimi nilikuwa na akiba kidogo. Kazungu hakuwa na akiba, alikuwa na baiskeli, ile nyeusi nzito, ambayo kila alfajiri aliibebesha madumu ya maziwa akayaleta Malindi. Akaamua kuiuza.

Aliyeinunua ni shangazi yangu Mwanahamisi, aliyekuwa akikodisha baiskeli kwa wageni kule Watamu. Mwanangu, shangazi alikuwa na jambo lake moja lililonitia haya tangu utotoni. Ukimpelekea baiskeli kuukuu hakuuliza bei. Aliuliza, "Imelala wapi?" Yaani, usiku huwekwa ufuoni au bara? Na jibu halikumtosha. Alipitisha kidole chini ya tandiko, kwenye chuma kilichojificha, kisha akakiweka ulimini. Alionja baiskeli ya mtu kama mpishi aonjaye mchuzi, mbele ya Wazungu wenye kamera. Ya Kazungu aliionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hii imelala Kakuyuni kweli, akalipa bei nzuri kuliko tuliyoitarajia. Njia nzima ya kurudi nilimcheka.

Kazungu akanikabidhi zile fedha zote. "Wewe ndiye mwenye mdomo," akaniambia. "Nenda ukatuchagulie." Tangu siku hiyo maziwa akawa anayabeba kichwani hadi barabarani, akiwabembeleza wenye pikipiki.

Mdomo kweli nilikuwa nao. Muuza kanzu mmoja pale mjini alikuwa akiniona naingia, anavuta kiti anakaa kwanza. Nikaenda kwa Swaleh, aliyekuwa na duka la vyombo vya umeme vilivyotumika, nyuma ya soko. Pale kwenye rafu nikaiona: kadi ndefu, nzito, ina feni mbili na sura ya kiburi. Mpya yake tusingeiweza hata tungeuza na ng'ombe waliotoa maziwa. Swaleh akataja bei. Nikacheka kwa heshima, nikatoka.

Nilirudi mara tisa kwa siku nne. Niliisifu, nikaikashifu, nikaiinua kama mtu anayepima papai, nikaulizia afya ya watoto wake wote. Mara ya tisa niliondoka nikafika hadi pembeni mwa msikiti, nikasikia naitwa. Sikugeuka. Nikaitwa tena. Hapo ndipo nikageuka, maana kuitwa mara moja ni adabu. Kuitwa mara mbili, muuzaji ana shida. Nikaipata kwa chini ya nusu ya bei ya kwanza, na nikatembea Malindi kama niliyeoa.

Zile fedha zilizobaki ningezirudisha kwa mwenzangu, au ningenunulia kisanduku cha umeme cha maana, kile kinachoilisha mashine nzima. Sikufanya hivyo. Nilinunua kasha lenye ubavu wa kioo na taa za rangi, nyekundu, kijani na zambarau. Kisanduku cha umeme nikatafuta cha bei ya mwisho kabisa, chepesi mkononi kama andazi lililoumuka kupita kiasi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi niliununua mkakasi nikauwekea na taa.

Ikafika siku ya kufungua. Jumamosi, saa tano asubuhi. Mama yake Kazungu alileta viti vya nyumba nzima, majirani wakaja, na mzee mmoja akavaa koti. Tukawasha mchezo wa mbio za magari. Mwanangu, ile picha! Barabara ilikuwa na maji ya mvua, na maji yana kivuli cha gari. Watu wakaguna. Kazungu alinitazama, na katika maisha yangu nimetazamwa hivyo mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa siku ya nikaha.

Dakika ya kumi na moja mistari ya kijani ikaikata skrini. Gari likageuka miraba midogo ya rangi. Kukasikika mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kuni nyembamba, moshi ukapanda polepole nyuma ya kile kioo nilichokilipia, ukiangaziwa vizuri na zile taa. Taa ndizo zilizozima mwisho.

Hapo ndipo nilipohesabu watu.

Mama Kazungu akauliza, kwa upole kabisa, kama mchezo umekwisha. Kazungu alitoka nje, nami nikamfuata. Alikuwa amesimama akitazama ukuta wa udongo mahali ilipokuwa ikiegemezwa baiskeli. Usukani ulikuwa umechimba kishimo kidogo kwa miaka mingi. Mimi mwenye mdomo nikakitazama kile kishimo.

"Maziwa nitayabeba kichwani hadi lini?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Angeuliza kwa ukali ningeshukuru.

Fundi aliyeifungua mashine alisema kadi imepiga shoti, na kile kisanduku changu chepesi badala ya kuukata umeme kimeupitisha wote, ukala na ubao mkuu wa mashine. Sikuamini. Nilikuwa na hakika Swaleh amenichezea. Nikaitia kadi mfukoni mwa mkoba nikaenda Watamu kwa shangazi, si kwa ushauri. Nilitaka mtu mzima wa kwenda naye kugomba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uso huo umeutoa wapi?"

Nikamweleza yote. Shangazi hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Akanipa bisibisi ya baiskeli, akaniamuru nizing'oe zile feni nimwonyeshe chini yake. Nikang'oa. Chini ya chuma cha kupoozea, mahali ambapo jicho halifiki, palikuwa na unga wa kijani umeota kama ukungu wa mkate. Kwa siku nne niliishika kadi ile, nikaigeuza, nikaipima, na sikuwahi kuinama kuchungulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitaka cha mvunguni nimesimama wima.

Shangazi akapitisha kidole. Nilijua anachotaka kufanya, nikajaribu kumzuia. Akaonja.

"Chumvi," akasema, akatema mate pembeni. "Bei uliuliza mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Na imelala wapi, uliuliza mara ngapi?"

Mwanangu, nilihisi kama nimemwagiwa ndoo ya maji mgongoni. Mtu wa bara angesamehewa. Mimi nimezaliwa hapa, ambapo bawaba ya mlango unaoelekea bahari huliwa ikaisha kabla ya ubao. Nimekua nikimwona mama huyu akionja vyuma. Lakini kwa kuwa kitu kina feni na jina la kigeni, nilidhani upepo wa bahari utakionea haya.

"Mwerevu hajinyoi," akasema shangazi. "Nenda kwa Swaleh. Usimdai, usigombe. Kamuulize swali lako, umechelewa tu."

Nikaenda. Swaleh aliponiona akashika kichwa, akidhani nimekuja kuvuta bei ya kitu kingine. Nikamuuliza. Hakusita hata kidogo. Akasema ilitoka kwenye nyumba ya mgeni mmoja, ufuoni kabisa, mashine ilikaa miaka mitatu chini ya dirisha linalotazama bahari, na dirisha halikufungwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekwambia," akasema. "Kila nikifungua kinywa, wewe wapunguza mia."

Hilo ndilo lililonishtua kuliko moshi. Nilikuwa nimemziba mdomo mtu aliyekuwa tayari kuniokoa, na nikaliita jambo hilo ushindi.

Shangazi aliitoa baiskeli ya Kazungu siku ileile. Alisema wageni wanaiogopa kwa uzito, lakini nilimwona akiifuta vumbi na najua alikuwa akisema uongo wa wema. Nikairudisha Kakuyuni kwa kuiendesha mwenyewe, jua la saa nane. Kazungu alinipokea usukani, akaiegemeza ukutani, ikaingia kwenye kishimo chake. Tulinywa uji. Kuilipia baiskeli ile, miezi sita nilisugua kutu kwenye baiskeli za shangazi kwa msasa na mafuta, na bado naijua ladha ya kila ufuo kuanzia Watamu hadi Mambrui. Wewe usionje lakini. Ule unga wa kijani ni sumu, na shangazi yangu alikuwa na tumbo la chuma.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka uliofuata tuliunganisha mashine nyingine. Kadi ilikuwa ndogo, ina feni moja, mbaya ya sura, na ililala Kaloleni mlimani kwa mwalimu mmoja aliyeifunika kitambaa. Sikupunguza bei hata senti. Haya, nilipunguza kidogo. Ikafanya kazi miaka mitano, na Kazungu akanunua baiskeli ya pili.

Sasa nikwambie, mwanangu, bila kuzunguka. Anza na gemu unazocheza na skrini uliyonayo. Kadi kubwa kwenye skrini ndogo ni kanzu ya harusi kazini shambani. Kisha pima kasha lako, upime tena, na kabla ya kadi nunua kisanduku cha umeme kilicho kizito na chenye wati za kutosha na ziada, kwa sababu hicho ndicho mlinzi wa vyote. Kadi iliyotumika ione ikifanya kazi kwa macho yako, kwa gemu nzito, nusu saa. Dakika kumi na moja zilinidanganya. Omba ifunguliwe, uiname, utazame chini ya feni. Na uliza imelala wapi. Siku hizi uliza pia kama iliwahi kulala, maana zipo zilizofanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba zile sarafu za mtandaoni, zikaja sokoni zimepakwa mafuta kama mgonjwa aliyevishwa kwenda kuposa. Ukiuliza, nyamaza. Mpe mtu nafasi ya kukwambia ukweli. Bei ije mwisho, na ikija, uko huru kuondoka hadi uitwe mara mbili.

Zaidi ya yote, ukibeba fedha ya mwenzako, kumbuka kuna kishimo ukutani kinachongoja.

Nenda basi. Mola akupe jicho linaloinama na sikio lisiloziba, akukinge na chumvi isiyo ya mchuzi. Mashine yako iwake, na itakapotimia dakika ya kumi na mbili, nikumbuke kwa dua.