Dirisha la Mama Viriba

Dada yangu ameinamia miche miaka thelathini na miwili katika kitalu cha ofisi ya misitu, hata watu wamelisahau jina lake. Wanamwita Mama Viriba, kwa sababu ya vile vifuko vya plastiki anavyovijaza udongo. Miti ya kilele cha mlima wetu aliipanda yeye na mumewe, enzi ambazo mtu alipewa kazi akaifanya bila kupigwa picha. Shemeji alibeba miche mgongoni, dada akabeba maji. Kilele kilikuwa kipara wakati huo. Kila mvua ikinyesha, tope lilishuka mpaka majikoni mwetu.

Sasa magoti ya shemeji yamekataa. Anashinda barazani akiutazama mlima, na ile miti ndiyo redio yake.

Mwezi uliopita mkuu wa ofisi, kijana wa tai, alimwita dada.

"Mama, wageni wanalalamika. Wanapanda saa nzima, wakifika juu wanaona majani. Itabidi tuikate."

"Mlima ni wa umma, mwanangu. Sisi tunaolala chini yake si umma?"

"Wanataka kuona mbali, mpaka ziwani, mama."

"Basi nipe siku mbili. Nitapogoa mmoja, uje ukae utazame. Ukiona majani, leta misumeno."

Nilimwambia anajisumbua. Watu wa siku hizi wakifika kileleni huupa mgongo uzuri wenyewe, wakajipiga picha nyuso zao. Dada alinoa panga, nami nikamfuata kumshikia matawi.

Yeye na mumewe walikuwa na sheria yao ya zamani: hupogoi kwa ngazi. Unakata mpaka mkono wako unapofika. Cha juu ni cha mti. Na dada ni mfupi kama kinu.

Mkuu alifika akihema. Akasimama, pua ikiwa ndani ya majani.

"Mama, mbona sioni kitu?"

"Kaa chini."

"Na suruali hii?"

"Itafuliwa. Kaa, baba."

Akakaa. Chini ya matawi palikuwa na uwazi mpana kama dirisha. Ila ulielekea upande usio na ziwa. Mkono wa dada ulikuwa umekwenda wenyewe, ukakata matawi yanayoelekea nyumbani. Palionekana mabati, kamba za nguo, na baraza moja. Nikasema moyoni, imekwisha hiyo.

Mkuu akalegeza tai.

"Yule barazani ni nani?"

"Ndiye aliyeileta hii miti mgongoni."

"Anatuona?"

"Mimi huniona hata nisipokuwepo."

Kijana akacheka kidogo, kisha akaacha. Aliponyanyuka alisema, "Fungua na upande wa ziwa, kwa kipimo hicho hicho. Wageni watakaa chini. Misumeno ibaki stoo."

Mimi siamini sana. Wakuu huhamishwa, na ajaye huenda asipende kuchafua suruali. Lakini siku ile nilishuka nimembebea dada panga lake.

Shemeji alituuliza hata hatujavua viatu. "Wanaikata?"

"Hawaikati," dada akasema.

Shemeji akageuka ukutani, akajifuta uso kwa kofia. Baadaye akauliza, "Na mimi mmeniona?"

"Tumekuona. Umelala mdomo wazi, kuku anakula sahanini mwako."

"Mwongo wewe."

"Kamuulize mkuu," alisema dada, akaenda kuchemsha maji ya kumkanda magoti.