Mbeba Chungu

Katuni yenyewe ilikuwa ya binti mfalme aliyetoka kwao kwenda kuurudisha moto ulioibwa na majitu ya barafu. Alifuatana na mashujaa wawili, mmoja wa upanga na mmoja wa upinde, na ndege mweupe mwenye kusema. Nyuma yao kabisa alikuja mtu aliyebeba chungu. Huyo hakupewa jina. Walimwita "wee", au "mbeba chungu", na kazi yake katika hadithi ilikuwa kuanguka. Kila kipindi alianguka mara moja, chungu kikabingirika, akatoa neno la kipumbavu, watoto wakacheka, safari ikaendelea.

Binti yangu, aliyekuwa gredi ya tatu, aliipenda ajabu. Ilionyeshwa kila jioni baada ya maghribi. Nyumba yetu iko Mishomoroni, ghorofa ya juu, na mama mkwe anakaa chini yetu, kwa hiyo kicheko cha mtoto kilimfikia na yeye. Mume wangu yuko kazini Uarabuni. Mimi hukaa mezani nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, huku nikiibia jicho kwenye televisheni. Siku ya kwanza nilipomwona mbeba chungu, kalamu ilinisimama mkononi.

Alikuwa na matege. Alikuwa na mwanya mpana, na shingo iliyozama mabegani, na kichwani ile kata ya kitambaa inayowekwa chini ya mzigo. Tena walipoitia katuni Kiswahili, mashujaa walipewa sauti za wasoma habari, binti mfalme akapewa Kimvita cha kunyooka, na huyu wa kuchekwa akapewa lafudhi ya kwetu. Kwetu ni huko juu, nyuma ya Kaloleni. Baba yangu alishuka kutoka huko akiwa kijana, akawa hamali katika soko la Kongowea, akishusha magunia ya viazi kutoka kwenye malori mpaka miguu ikapinda. Aliyeichora katuni ile hakumjua baba yangu, lakini alimpata.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilimwambia mtoto apunguze sauti.

Sababu ni hii. Nilipoposwa, baba alikuwa ameshafariki, na aliyewapokea wageni ni mjomba. Mjomba aliwaambia kwamba marehemu alikuwa "na shughuli zake sokoni". Nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, nikasikia, nikamshukuru moyoni. Mama mkwe ni wa ukoo wa zamani, mtu ambaye hata akikugombeza unatamani aendelee kwa uzuri wa maneno. Hajapata kunitendea ubaya wowote, wala hakuuliza zaidi. Mengine niliyaongeza mwenyewe, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Shughuli zikawa biashara, biashara ikawa duka, na kufikia wakati binti yangu anaanza kuuliza maswali, duka lilikuwa la jumla.

Lafudhi niliivua chuo cha ualimu, kama mtu avuavyo viatu mlangoni. Sasa nafundisha Kiswahili. Mtoto wa kutoka kwetu akitamka vile tunavyotamka kwetu, namsimamisha arudie mpaka aseme sawasawa. Mkataa kwao mtumwa: methali hiyo nimeifundisha darasani, maana yake na matumizi yake, bila kupepesa macho.

Basi mama yangu akaja. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa jicho la kwanza. Akaja mapema akae nasi kusubiri. Alikuwa akiona mwanga na vivuli tu. Nilimpa kiti karibu na dirisha, na jioni binti yangu alimshika mkono akamleta sebuleni, maana alimpenda sana hawe wake. Ndivyo tunavyomwita bibi huko kwetu, hawe, na ni neno moja la kwetu ambalo sikuwahi kumkataza mtoto.

Katuni ikaanza. Mama alikuwa akisinzia. Mbeba chungu aliposema neno lake, mama alikaa wima.

"Huyo ni nani?"

"Ni mbeba chungu, hawe," mtoto akajibu. "Ni mjinga tu."

"Ni wa kwetu huyo," mama alisema, na uso wake ulichangamka kama mtu aliyekutana na ndugu kwenye foleni ya hospitali.

Tangu hapo hakukosa. Alifuata hadithi kwa masikio, na ndani ya hadithi alimfuata mtu mmoja tu. Binti mfalme yuko katikati ya vita na jitu la barafu, panga zinalia, ndege anapiga kelele, na mama anauliza, "Yule wa chungu yuko wapi?" Mtoto anamwambia amejificha nyuma ya jiwe. "Vyema. Chungu kizima?" Wakipumzika na kula, anauliza, "Wamempa?" Mtoto anatazama, anasema hawakuonyesha. Mama anakasirika jioni nzima. Si kwa mzaha. Alikasirika kweli, akakataa hata chai, akasema watu wanaokula mbele ya aliyewabebea chakula wasiulizwe kwa nini moto uliwatoka nyumbani.

Alikuwa na hoja zake. Mashujaa wapigane wapendavyo, alisema, asubuhi wataamka na njaa, na upanga haupikwi. Hoja kubwa kuliko zote ilinipata mimi mwenyewe nikiwa na madaftari mbele yangu. "Si mmesema moto umeibwa nchi nzima?" alimuuliza mjukuu wake. "Basi huyu anapikia nini?"

Mtoto akanigeukia mimi. Nina cheti cha fasihi, na swali hilo halikuwahi kunijia.

"Ana makaa ndani ya kile chungu," mama alisema. "Ameyafunika majivu. Sisi tulipokuwa wadogo, moto ukizimika unatumwa kwa jirani na kigae, unapewa kaa la moto, unatembea nalo polepole lisizimike. Ndiyo maana anaanguka huyo. Anaangalia chungu, haangalii njia."

Sijui kama waliotunga katuni waliwahi kufikiria hilo. Nadhani hawakufikiria. Baadaye, hadithi ilipoisha na moto ukarudi na ngoma zikapigwa, mbeba chungu hakuwamo hata kwenye umati. Lakini baada ya maneno ya mama sikuweza tena kuitazama safari ile kama zamani. Watu wote wale walikuwa wakikimbilia moto wa mbali, na moto uko nyuma yao, umebebwa na mtu wanayemwita wee. Mtoto aliyachukua maneno hayo akaenda nayo shule. Wenzake walikuwa wakibishana nani ana nguvu zaidi, wa upanga au wa upinde, akasema mbeba chungu, wakamcheka. Alirudi akaniambia hivyo akiwa amenuna, akingoja nimtetee. Nilimwambia aende akaoge.

Jioni moja mtoto alikuwa ameteremka kumpelekea bibi yake sahani, tukabaki mimi na mama. Akaniuliza, "Huyu mtu wetu yukoje?"

"Nani?"

"Wa chungu. Mtoto ananiambia anachofanya, haniambii yukoje."

Angeweza kuniuliza jambo jingine lolote. Nilitazama televisheni. Alikuwa hapo, na matege yake, anaparamia kilima.

"Mrefu," nilisema. "Amenyooka. Amevaa kanzu safi."

"Meno?"

"Meupe. Yamepangika."

"Sauti yake si ya mtu mrefu," alisema, lakini alikubali, kwa kuwa mwenye macho ndiye mimi. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani tupu mkononi. Alimtazama mbeba chungu, akanitazama mimi, akaja kukaa mahali pake bila neno. Nilipaswa kufurahi kwamba hakuniumbua. Badala yake niliona haya, kwa sababu mtoto wa umri ule alikuwa ameshajua ni wapi katika nyumba yetu mtu hunyamaza.

Siku ya kupasuliwa ilifika, ikaenda salama. Kesho yake walimfungua kitambaa, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nimekonda. Njia nzima ya kurudi alisoma mabango ya maduka kwa sauti, moja moja, kama mwanafunzi wangu. Nilikuwa na furaha, na chini ya furaha nilikuwa na hofu, nayo hofu ilikuwa ikijua saa ya katuni.

Jioni mama mkwe alipanda ngazi na sahani ya kaimati kumpa hongera.

"Mkwe, waniona?" aliuliza.

"Nakuona, mkwe wangu. Sikujua kama u mzuri namna hii. Sauti yako ilikuwa inakupunguzia."

Walicheka wote wawili. Mtoto akawasha televisheni. Nilisema daktari amekataza televisheni.

"Daktari amekataza moshi na kuinama," mama alisema. "Nilikuwepo."

Alisogeza kiti mbele. Binti mfalme alipita, wa upanga akapita, wa upinde, ndege. Mama hakuwajali. Kisha akatokea yeye, nyuma, akiangalia chungu chake, akajikwaa akaanguka. Mtoto hakucheka. Alikuwa akimtazama hawe wake, na mimi pia nilikuwa nikimtazama.

Mama alitia mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, kile kicheko kilichokuwa kikitoka jikoni kwetu zamani baba akirudi sokoni na vituko vyake, ambacho sikukisikia tena tangu tumzike.

"Ndiye," alisema. "Tazama miguu. Tazama kata anavyoiweka upande. Mwanangu, mbona uliniambia ni mrefu? Huyu ni babako mtupu." Akamgeukia mama mkwe, amemshika goti kwa furaha. "Mkwe, hivi hivi ndivyo alivyokuwa akirudi kutoka Kongowea. Kama alivyo huyu. Gunia ameliacha kule, lakini yeye bado anatembea nalo."

Mama mkwe alikuwa akitabasamu. Wallahi hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba siwezi kumlaumu.

"Kwani marehemu alikuwa hamali?" aliuliza. "Sisi hatukwambiwa hivyo. Tuliambiwa ana duka la jumla."

Mama alinigeukia. Jicho lake lilikuwa jekundu bado, lakini safi, na lilinipata barabara. Sijapata kuonwa vile. Sikutakiwa kufanya jambo kubwa. Nilitakiwa kusema, ndiyo, mama, alikuwa hamali, na mgongo wake ndio ulionisomesha. Kazi yangu ni kusema. Nalipwa kwa ajili ya kusema vizuri. Nilitazama sahani ya kaimati.

Mama alinisubiri. Kisha nikaona uso wake ukielewa, na ulielewa yote kwa pamoja: duka, mjomba, kanzu safi, meno yaliyopangika, na miaka yote ambayo hakualikwa kukaa muda mrefu. Kicheko kilimtoka usoni polepole. Akauondoa mkono wake kwenye goti la mkwe wake.

"Alikuwa na duka," alisema. "Tena kubwa. Mimi nasema miguu tu, mkwe, miguu inafanana kidogo. Na jicho lenyewe bado halijakaa sawa."

"Litakaa, inshallah," mama mkwe alisema, akamsogezea sahani. Na kwa kuwa ni mtu wa adabu, na aliona kuna kitu kimekwama hewani hata kama hakujua ni nini, aliligeuza jambo likawa utani. Akamvuta sikio mjukuu wake. "Haya, wewe mwenye kujua yote. Babu yako alikuwa nani?"

Binti yangu aliacha kutazama televisheni.

"Alikuwa na duka la jumla, bibi," alisema, kwa sauti safi, bila kusita, wala hakunitazama.

Mama yangu akamkalisha karibu yake, akamfuta sukari ya kaimati shavuni kwa pembe ya leso, akamwambia ahsante.