Panki Wakati wa Kilio cha Jirani

Mzee wa jirani tulimzika Jumamosi. Jumatatu mchana nilipiga muziki.

Na haukuwa muziki wa kanisa. Ilikuwa panki. Panki ni muziki wa vijana wa Kizungu wenye hasira, ngoma inakimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na anayeimba haimbi, anagombana. Ninayo disiki moja tu ya muziki huo, ile sahani kubwa nyeusi ya zamani ambayo wengine wanaiita santuri. Wamekusanya bendi nyingi ndani yake, kila moja inapewa wimbo mmoja, inapayuka, inafukuzwa, nyingine inaingia. Kwenye ganda lake kuna kijana mwenye nywele zilizosimama kama upanga wa jogoo.

Marehemu bwana yangu aliipata Goma alipokuwa dereva wa Mzungu mmoja. Mzungu yule alipofunga safari ya kurudi kwao aligawa vitu. Mpishi alipewa friji, mlinzi alipewa kitanda, bwana yangu akapewa mashine ya disiki na disiki hiyo moja.

“Wenzako wanaleta friji,” nilimfokea, “we unaniletea kelele!”

Yeye akaweka sindano. Wimbo wa kwanza nilikimbilia mlango nikidhani kuna watu wanapigana. Wimbo wa tatu nilikuwa nimeshafunga kitenge kiunoni.

Tulipovuka mpaka kurudi Rwanda niliibeba katikati ya vitenge vyangu, nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Hapa Nengo, mtaa wa karibu na mpaka, tukapata nyumba iliyoungana na ya huyo mzee, ukuta ni mmoja. Ukikohoa huku, kule wanakuambia pole. Mzee alikuwa mtu wa ofisi, mtu wa habari za redio na chai bila sukari. Wimbo wa pili ukianza, ule wenye ngoma nyingi, alikuwa anavua kiatu na kugonga ukuta kwa kisigino: pu, pu, pu. Bwana yangu anaongeza sauti. Kiatu nacho kinaongeza. Asubuhi wanakutana kwenye bomba la maji.

“Bon, jana mulikuwa munachinja ngombe, ao mulikuwa munachinjana?”

“Tulikuwa tunaomba, mzee. Siye tunaombaka na nguvu.”

“Donc Mungu yenu iko kiziwi.”

Wanacheka mpaka ndoo zinajaa na maji yanamwagika, na sisi wake zao tunawapigia kelele kwamba maji yanalipiwa.

Bwana yangu alikufa, mashine nayo ikafa, disiki ikalala chini ya kitanda changu miaka mingi. Lakini na mke wa mzee tuliendelea. Tulivuka pamoja kwenda Goma kila asubuhi, karoti na vitunguu kichwani, tukarudi pamoja. Kwake sipigi hodi. Nilikuwa naingia kwa mlango wa jikoni, nafunua sufuria, naonja, nasema chumvi haitoshi. Naye kwangu hivyohivyo.

Sasa mjukuu wangu. Mjukuu wangu ni injinia wa umeme Kigali. Narudia, injinia, na ni msichana. Anapanda nguzo ambazo wanaume wanaziangalia kwa chini. Alikuja kwenye mazishi, na ndani ya gari alikuwa na zawadi yangu aliyoiweka tangu zamani: mashine mpya ya disiki, ndogo kama valizi, ukiifunga unaibeba kwa mkono. Aliiweka mezani, akaniunganishia nyaya.

“Nyogokuru,” ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, “tutaipiga kilio kikiisha. Usiiguse.”

“Mimi? Umeniona mtoto?”

Jumapili akarudi Kigali kazini.

Kilio kina adabu yake na kila mtu hapa anaijua. Jirani akifiwa, redio yako inanyamaza. Watoto wako wanacheza mbali. Hata ugomvi ulio nao na mtu unausogeza mbele kidogo. Kwa mfiwa zinaimbwa nyimbo za Mungu tu, za polepole. Na mtaani kwetu polisi wa adabu hiyo ni mimi. Jumapili ileile kijana wa moto, zile pikipiki za abiria, alipita na simu inayoimba mfukoni, nilimfuata mpaka barabarani.

“Zima ile kitu! Kwenu batu habakufaka?”

Alizima, akaomba msamaha, nikarudi kukaa kwenye mkeka nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka.

Jumatatu tulikuwa wanawake wengi jikoni kwa mjane. Wageni walikuwa wanaongezeka na sufuria zilikuwa ndogo. Nikasema naenda kuleta yangu kubwa. Kuzunguka uzio, kufungua mlango, kuchukua sufuria, kurudi. Ni hilo tu lililonipeleka nyumbani.

Mashine ilikuwa pale mezani. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye machozi na kuni mbichi na nyimbo za polepole, kichwa kimejaa moshi. Nikajiambia: sauti ya chini kabisa, nione tu kama inafanya kazi. Nikaitoa disiki chini ya kitanda, nikaipangusa kwa kitenge. Kisha niliangalia ukuta. Hapo ndipo penye kosa langu, kwa hiyo naandika wazi: niliangalia ukuta, nikajua upande wa pili kuna nini, na sindano nikaiweka.

Wimbo wa kwanza ulilia kidogo tu, kama nzi ndani ya chupa. Nilisogeza sikio. Ikanijia harufu ya bwana yangu, petroli na sabuni ya kufulia, sijui ilitoka wapi. Halafu wimbo wa pili, zile ngoma, na mkono wangu ukazungusha kifungo. Nilicheza. Magoti haya ambayo asubuhi nayabembeleza yashuke kitandani, yalicheza. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinatetemeka juu ya meza. Nikafika katikati ya chumba, nikasimama, mdomo umeshaanza kucheka.

Nilikuwa nangoja kiatu.

Ukuta ulinyamaza. Nikaongeza sauti tena, kama bwana yangu alivyokuwa anafanya, ili kumchokoza mzee. Ukuta ukanyamaza tu. Ndipo nikakiona tena akilini kile kiatu chenyewe, cha ngozi nyeusi, kimepakwa rangi vizuri, kwenye mguu wake ndani ya sanduku, kabla hawajafunga.

Niliivuta sindano vibaya, ikakwaruza disiki kwa sauti ambayo nafikiri ilifika mpaka ziwani.

Niliingia kwa mjane na sufuria kubwa mikononi. Waliokuwa wanaimba walikuwa wameacha. Hakuna aliyenitazama usoni isipokuwa yeye, pale kwenye mkeka wake, kitambaa kichwani.

“Ile ilikuwa nini?” akauliza.

“Nilisahau,” nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kama mate. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane. Lakini uso wake ulilegea, akanipanulia nafasi kwenye mkeka.

“Yoo, mukecuru wangu, bibi kizee wangu. Kuja, ikala hapa.” Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. “Muzee alikufa. Unakumbuka? Tulimuzika.”

Nikaitika kwa kichwa. Nilikuwa nimetafuta tundu la kutokea, na yeye akalifanya mlango.

Tangu siku hiyo nikawa mama ambaye kichwa kimeanza kwenda. Mtaa mzima ulijua kabla jua halijazama. Nikishika kisu cha kumenya viazi, mtu anakichukua taratibu na kunipa Fanta. Nikisogea kwenye moto, wananivuta nyuma. Nikienda chooni, kuna mwanamke anasimama nje na kuniuliza kama nimefika. Nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wageni waliotoka mbali, mimi niliyekuwa naonja sufuria za nyumba ile bila kuuliza. Jioni moja, natoka kilioni, yule kijana wa moto akasimamisha pikipiki.

“Mama, kwako ni pale. Ile geti ya bleu.”

Geti hilo nilichagua rangi yake mwenyewe. “Asante, mwanangu,” nikasema, na meno nimeyauma.

Mjukuu akapiga simu.

“Nyogokuru, leo ni siku gani?”

“Ni siku ya kukuchapa.”

“Jibu kwanza.”

“Alhamisi. Na we una miaka ishirini na nane na hujaolewa. Unaona nakumbuka?”

“Nakuja kukuchukua, twende kwa daktari.”

“Nani amekuambia mimi mgonjwa?”

“Nani hajaniambia?” Na sauti yake, injinia wangu, ikawa sauti ya mtoto. Nikakata simu.

Hayo yote ningeyabeba. Ni aibu, na aibu inabebeka. Lisilobebeka ni la asubuhi.

Kila asubuhi nikifika, mjane ananiita mkekani, ananishika mkono, na kunieleza upya kifo cha mume wake, ili nisije nikasahau tena na kuumia. Anaanza mwanzo. Kifua kilivyombana. Gari la kwenda hospitali. Alivyorudi nyumbani kuchukua shuka, na akiwa njiani simu ikalia. Kila mara sauti yake inakatika palepale, kwenye simu. Analia, anajikaza, anamaliza, kwa ajili yangu. Mwenyewe hajalala, macho mekundu kama kaa la moto, na bado ananiuliza: “Umesikia muzuri?” Na mimi naitika. Kiganja chake kilikuwa na joto na kilikuwa kinanibana kwa nguvu, na nitasema lote: nilikuwa nakipenda. Tangu bwana yangu afe hakuna mtu aliyenishika mkono muda mrefu namna ile. Nilikuwa naenda pale kumwibia mfiwa.

Siku ya kutoa kilio, ya kuufunga msiba, ikafika. Asubuhi mapema, wanawake wako uani na gunia la viazi, wageni wanangojewa. Mjane akaniita. Akanishika. Akaanza kifua. Akafika kwenye gari. Nikaona anavuta pumzi ya kuingia kwenye simu.

“Acha,” nikamwambia. “Usiseme tena. Najua.”

“Unakumbuka leo? Mungu asifiwe.”

“Nakumbukaka siku zote. Hata ile siku nilikumbuka. Niliangalia ukuta, nilijua kama muko na kilio, na niliweka ile disiki.”

Uani visu vilisimama.

“Ulisema ulisahau.”

“Nilisema uongo. Nilijisahau kati ya wimbo, kidogo tu, hata nikangojea yeye agonge. Lakini wakati wa kuanza nilikuwa najua.”

Hakuutoa mkono wake mara moja. Aliuangalia ulivyokuwa ndani ya wangu, kana kwamba anatafuta ni upi wa nani.

“Na pale ku simu,” akasema polepole. “Kila asubuhi nikilia pale ku simu. Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

Akautoa. Akaupangusa kwenye kitenge chake.

“Juu ya nini ulifanya vile?”

Ningeweza kusema mambo ya bwana yangu, petroli na sabuni. Yangekuwa kweli pia. Lakini uongo ulikuwa umenichosha.

“Nilichoka na kilio. Nilitaka kufurahi kidogo.”

“Mi pia nilichoka,” akasema. “Lakini mi siko na kwingine ya kwenda.”

Kisha akasema niondoke mbele yake. Nikainuka, nikaelekea getini, kitenge nakikanyaga.

“Si huko! Kichwa si iko muzuri? Viazi viko uani, batu banakuja. Na usiniongeleshe.”

Nikaenda uani. Mwanamke mmoja alinipa kisu, akakirusha tu miguuni pangu, na hakuna aliyeniuliza kama nitajikata. Nilimenya mpaka gunia likalegea. Mjane alipita mara nyingi na masahani, hakuniangalia. Chakula kilipokuwa tayari nilitaka kuonja kama chumvi inatosha, nikaona afadhali nisiguse.

Jioni nilimpigia mjukuu, nikamwambia asisumbuke na daktari, nikamweleza kwa nini.

“Nyogokuru,” akasema, “bora ungekuwa umesahau.”

Mashine nimeifunga, valizi iko juu ya kabati. Disiki sikuitupa, siwezi. Ina mkwaruzo mpya, mrefu, nauona nikiielekeza kwenye dirisha.

Na mjane tunavuka tena kwenda Goma. Kwenye foleni ya mpaka anasimama nyuma yangu ao mbele, tunaulizana bei ya karoti, juzi hata alinicheka nilipoteleza kwenye tope. Mlango wa jikoni hajaufunga, nikija naingia. Ila akinipa kitu, kikombe, mfuko, pesa ya chenji, anakiweka mezani, na mimi ndiye ninayekichukua pale.