Galaksi Mbili Ukutani kwa Bibi

Mwezi uliopita tulikuwa tunahamisha vyombo vya Bibi ili mafundi wabadilishe mabati ya nyumba yake, huku kwetu juu Lushoto. Bibi mwenyewe tulimweka uani kwenye kiti, akawa anatusimamia kwa ukali kana kwamba tunamwibia. Nilivuta sanduku la chuma kutoka uvunguni mwa kitanda, nikalifungua, na harufu ya mpira wa baiskeli uliozeekea gizani ikanipanda puani. Nikakaa chini palepale sakafuni. Anayenijua atashangaa, maana mimi kukaa ni kazi.

Nilizaliwa na mchecheto, wasomaji wangu. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati. Shuleni mwalimu alinihamishia ukutani ili nikitikisa mguu nitikise ukuta, si dawati la wenzangu. Kwa hiyo nilipokuwa na miaka tisa nikaomba kumsaidia baba mdogo Hoza kupiga picha ya galaksi, nyumba nzima ilicheka mpaka watu wakashika mbavu.

Baba mdogo alikuwa mpiga picha mjini. Alikuwa na kibanda karibu na soko, kitambaa cha bluu ukutani, stuli moja, na kamera ya mtumba ambayo kifuniko cha betri alikibana kwa plasta ya kidonda. Aliishi kwa picha za pasipoti na harusi, mpaka simu zilipoingia na kila mtu akaanza kujipiga mwenyewe. Wateja walipopungua yeye akaielekeza kamera juu. Darubini aliiunda kwa bomba la maji la plastiki na lenzi aliyoifungua kwenye mashine mbovu ya fotokopi. Kamera aliifunga mgongoni mwa darubini kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na vipande hivyo ndivyo nilivyovikuta sandukuni.

Galaksi aliyoitaka inaitwa Andromeda. Huku kwetu inaonekana mwisho wa mwaka, baada ya Isha, juu ya milima ya upande wa Mlalo, na kwa macho ni kama mahali mtu alipopangusa anga kwa kidole chenye unga. Sisi tuliiita wingu. Baba mdogo akatuambia si wingu hata kidogo, ni nyota zisizohesabika, ziko mbali kuliko nyota zote tunazoziona. Bibi akauliza kama kuna watu huko. Akasema hajui. Basi piga picha tujue, Bibi akasema, kama vile kapewa oda ya harusi.

Shida ni kwamba anga nalo halitulii, linazunguka usiku kucha, na picha ya kitu hafifu namna ile inataka kamera ifumbue jicho dakika nyingi bila kukipoteza. Baba mdogo alitengeneza mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na bolti katikati. Ukiizungusha bolti robo, kwa muda uleule kila mara, mbao zinaachana taratibu na kamera inafuata nyota. Yeye alitakiwa akae jicho kwenye darubini kuhakikisha, kwa hiyo wa kuzungusha bolti awe mwingine. Saa ya simu, ya kupimia muda huo, ilimharibia picha kwa mwanga. Ndipo akamsikia mama yake barazani.

Bibi, baada ya Isha, alivuta tasbihi punje moja moja kwa mwendo usiobadilika, mvua inyeshe isinyeshe. Baba mdogo akamwomba apaze sauti kidogo tu. Bibi akamjibu kwamba yeye anamdhukuru Mola wake, hamhesabii mtu nyota. Ila mwenye masikio, masikio ni yake. Sauti ikapanda. Mimi kazi yangu ikawa kila punje tatu nizungushe robo, na sharti lilikuwa moja: mkono ufanye kazi, mwili mwingine wote ulale.

Mwaka ule vuli ilikataa kuisha. Kila jioni baba mdogo akifungua tu kifuniko cha kamera, ukungu unapanda kutoka bondeni na kutufunika sisi, darubini na choo. Tukapoteza wiki baada ya wiki. Kisha likaja jambo lenyewe: alikuwa amepata kazi kiwanda cha chai upande wa Mponde, na kamera ilikuwa imepata mnunuzi ambaye angekuja kuichukua Jumamosi. Baba mdogo hakulalamika. Alitembea tu, baraza mpaka choo, choo mpaka baraza, shingo juu, na kwa mara ya kwanza nyumba ile ikawa na watu wawili wasiotulia. Jumatano alisimama mbele yangu.

"Picha moja tu, Zaina. Nimepiga za watu miaka yote. Hii moja nataka iwe yangu."

Alhamisi anga likafunguka, jeusi, safi, baridi ya kung'ata masikio. Bibi akaanza Subhanallah yake, baba mdogo akabonyeza, nami nikashika bolti. Thelathini na tatu za kwanza nilikuwa mtoto wa mfano. Tulipoingia kwenye Alhamdulillah mguu wangu wa kulia ukaanza. Ningependa kuwaambia kulikuwa na siafu. Hakukuwa na siafu wala mbu. Mguu ulibembea wenyewe, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu kidole kikagonga mguu wa stendi iliyobeba zile mbao.

Haukuwa mlio wa maana. Bibi aliendelea, nami nikageuza robo yangu zamu ilipofika, mpaka Allahu Akbar ya mwisho. Baba mdogo akafunga, akawasha kile kioo kidogo cha kamera, tukainama wote watatu. Doa la unga lilionekana, na pembeni yake doa jingine sawasawa na la kwanza.

"Mbona mbili?" Bibi akauliza.

Baba mdogo alikipangusa kile kioo kwa kidole gumba. "Ni mbili," akasema.

Kabla hajajaribu tena, ukungu ulishafika. Ijumaa ulitanda mpaka alfajiri. Jumamosi kamera ikaondoka. Baba mdogo akaenda mjini kusafisha ile picha, akaitia fremu, akampa Bibi, akapanda gari la Mponde na begi moja.

Mimi nikabaki na picha. Bibi hakumwacha mgeni anywe chai bila kuoneshwa galaksi mbili za mwanawe, na kila alipoanza, mimi niliondoka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyenituma. Nililala vibaya. Niliamini nimemharibia baba mdogo picha yake ya pekee na kumfanya muongo bila yeye kujua. Kila Idd alipokuja, alitazama ukutani, akaniuliza kwa utani, "Zaina, zile zetu bado mbili?" Nami nikajibu bado mbili, nikatoroka.

Sasa pale sakafuni, chini ya vile vipande vya mpira, nikakuta flashi. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Picha zote alikuwa amezipa majina. Ukungu wa kwanza, ukungu wa pili, ukungu mpaka wa kumi na nne, taa ya bodaboda, na ya mwisho: Teke la Zaina.

Niliruka, nikaitoa ile fremu ukutani na kuipeleka juani. Utotoni nilikuwa nikiona madoa mawili tu, maana hayo ndiyo yaliyonisuta. Sikuwahi kutazama nyota. Kila nyota kwenye picha ile, kubwa na ndogo, ilikuwa na pacha wake pembeni, umbali uleule. Mtu aliyewahi kushika kamera angejua kwa kutupa jicho mara moja. Na lile swali la kila Idd halikuwa utani. Alikuwa ananifungulia mlango, mwaka baada ya mwaka, nami naupita mbio na ndoo mkononi. Nilisikia aibu, nikaisikia tena upya.

Nikampigia simu, huku nazunguka uani. Shikamoo, marahaba, habari za chai, habari za watoto.

"Baba mdogo, usiku ule nilipiga teke."

"Najua."

"Ulijua ulipoiona picha?"

"Kabla. Wewe ulikuwa hutulii hata usingizini. Ghafla nyuma yangu kimya, hata pumzi sikuisikia. Nikasema, huyu kaharibu kitu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Haya, Zaina. Zile galaksi zetu ni ngapi?"

"Moja," nikasema. "Ni moja, baba mdogo."

Nilipokata simu, Bibi alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake, tasbihi imesimama mkononi. Akaniuliza ile nyingine imekwenda wapi. Nikavuta stuli, nikakaa miguuni pake, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.